Taa Ipi kwa Ua? Kelvini, Giza na Wekundu Usioonekana

Juzi nilisimama kwenye duka dogo la vifaa vya umeme mtaa wa Luthuli, Nairobi, nimeshika globu mbili za LED. Zote wati 9, zote bei moja. Kasha la kwanza limeandikwa 3000K, la pili 6500K. Kijana wa duka akazichomeka kwenye ubao wake wa kujaribia. Ya kwanza ikatoa mwanga wa manjano kama wa taa ya chemni, ya pili ikatoa weupe unaoelekea buluu. "Bosi, chukua hii ya sita na nusu," akaniambia, "hii ndiyo inang'aa." Nikamwambia taa ni ya maua, si ya sebuleni. Akafikiri kidogo. "Ya maua? Basi beba hii ya njano. Maua yanataka joto."

Jibu lake la pili ndilo ambalo ungelipata kwa wengi wanaootesha mimea chini ya taa: Kelvini nyingi wakati mmea unakuza majani, Kelvini 2700 au 3000 ukitaka uchanue. Ushauri huo una ukweli, ila ukweli wenyewe umekaa mahali ambapo watu hawautafuti. Nimelifuatilia suala hili kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolichambua ndivyo ninavyoamini kwamba tunaanzia katikati. Kwa mmea unaotakiwa kuchanua, swali la kwanza ni giza lake lina urefu gani. La pili ni unapata mwanga kiasi gani. Rangi huja baada ya hapo, na hata ikifika zamu yake, namba ya Kelvini huieleza nusu tu.

Namba hiyo imetoka wapi? Mhunzi akitia chuma motoni, chuma huwa chekundu kwanza, kisha cha rangi ya machungwa, kisha cheupe. Wanafizikia waliipa kila rangi ya kitu kinachowaka kiwango chake cha joto, kwa kipimo chenye jina la Lord Kelvin. Uzi wa globu ya zamani huwaka kwa takriban Kelvini 2700, na ndiyo maana mwanga wake ni wa manjano. Namba ikipanda, mwanga huelekea buluu. Lakini ndani ya LED hakuna uzi unaowaka. Kuna kipande kidogo mno kinachotoa mwanga wa buluu, kimepakwa unga wa fosfori unaomeza sehemu ya buluu hiyo na kuirudisha ikiwa kijani, manjano na nyekundu. Buluu yenyewe ndiyo iliyosumbua watafiti kwa miongo, hadi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipoipata, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo 3000K iliyo kwenye kasha haikwambii taa ina joto gani, wala imechanganya rangi zipi na kwa vipimo gani. Inakwambia kwamba jicho la binadamu likiutazama mwanga huo litauona umefanana na wa kitu kinachowaka kwa joto hilo.

Jicho la binadamu. Hapo ndipo penye tatizo. Jicho letu huona vizuri zaidi kijani kinachokaribia manjano, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 555, na nguvu yake hupungua kuelekea buluu upande mmoja na wekundu upande wa pili. Lumeni na luksi zote zimepimwa kwa jicho hilo. Jani lina hesabu nyingine kabisa. Mwaka 1972 Keith McCree wa Texas A&M alichapisha vipimo vya aina 22 za mimea, akiwa amemulika majani kwa rangi moja moja na kupima kila rangi inazalisha nini katika usanisinuru. Nyekundu iliongoza, buluu ikawa nyuma yake, na kijani, ambacho watu wengi bado hudai kwamba mmea hukitupa chote, kilifanya kazi nzuri. Ndiyo maana wataalamu wa vitalu huziacha lumeni na kuhesabu fotoni zilizo kati ya nanomita 400 na 700, kwa maikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde.

Tofauti ya globu zile mbili unaweza kuiona mwenyewe bila maabara. Chukua CD ya zamani, zima taa nyingine zote chumbani, kisha tazama mwako wa globu unavyoakisiwa kwenye upande unaometa. Nimefanya hivi mara nyingi mezani kwangu na bado hunifurahisha. Globu ya uzi hutandaza rangi zote bila kukatika, nyekundu ikitawala na kufifia pembeni pasipo mpaka. LED ya 6500K huanza na ukanda mkali wa buluu, hufuatia mahali hafifu, kisha kijani na manjano, na mwishoni wekundu mwembamba. LED ya 3000K ina ukanda uleule wa buluu, lakini umesinyaa, na wekundu umenenepa. Bruce Bugbee na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah walipima LED za aina tatu katika utafiti wa mwaka 2013: nyeupe ya manjano ilikuwa na buluu asilimia 11, ya katikati asilimia 19, nyeupe ya baridi asilimia 28. Hicho ndicho Kelvini inachoweza kumwambia mkulima kwa uhakika wa kutosha, yaani sehemu ya buluu. Kuna rangi nyingine ambayo wala CD haitakuonyesha, kwa kuwa jicho lako karibu halifiki huko. Nitaifikia.

Kwanza giza. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na tumbaku ya ajabu iitwayo Maryland Mammoth. Shambani ilirefuka kiangazi kizima, ikajaza majani na kumpita mtu kimo, lakini ua haikutoa. Wightman Garner na Harry Allard walijaribu joto, maji na mbolea; hakuna kilichoifanya ichanue. Julai 1918, kwenye shamba la Arlington jimboni Virginia, walijenga kibanda kisicho na mwanga. Kila siku saa kumi jioni waliingiza humo mimea iliyopandwa kwenye vyombo, na saa tatu asubuhi wakaitoa. Mimea iliyobaki na saa 7 tu za mwanga ilichanua. Iliyoachwa nje kwenye mchana mrefu wa kiangazi haikuchanua. Walichapisha matokeo mwaka 1920, na tangu hapo tunajua kuna mimea ya siku fupi, mimea ya siku ndefu na mimea isiyojali urefu wa siku.

Miaka 18 baadaye, mwaka 1938, Karl Hamner na James Bonner walilichimba zaidi. Walitumia gugu la Xanthium, jamii ya yale yanayong'ang'ania nguo ukipita porini. Walipoukata mchana kwa kipande cha giza, mmea haukujali. Walipoukata usiku mrefu kwa dakika moja tu ya mwanga, mmea ukakataa kuchanua. Maana yake mmea unapima urefu wa giza lisilokatizwa. Jina "siku fupi" lilikuwa limeshaenea, likabaki, lakini kwa haki lingekuwa "usiku mrefu".

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Sisi tulio karibu na Ikweta tumelelewa na saa inayoanza kuhesabu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa moja baada ya jua kutoka, Januari hata Desemba, na hesabu hiyo inawezekana kwa sababu mchana wetu na usiku wetu hulingana. Dar es Salaam, siku ndefu kuliko zote huizidi fupi kuliko zote kwa chini ya saa moja. Naivasha tofauti ni dakika chache tu. Mmea wa siku fupi ukiuleta huku, kila usiku wa mwaka unauambia: chanua.

Mfano ulio wazi kabisa ni krisanthemamu, ua la jamaa ya pareto. Likipata mchana unaozidi takriban saa 13 na nusu, huendelea kukuza shina na majani. Likipata pungufu ya hapo, hufunga vitumba. Sasa panda kipandikizi chake kando ya Ziwa Naivasha bila taa: kitaanza kuunda ua kingali na kimo cha kiganja, na ua la shina fupi namna hiyo halina mnunuzi. Ndiyo maana ukipita usiku barabara ya Moi South Lake utaona vitalu nyumba viking'aa gizani. Kwa majuma ya mwanzo taa huwashwa usiku wa manane, kawaida kama saa nne hadi saa nane, ili kuukata usiku vipande viwili vifupi. Shina likishafikia urefu unaotakiwa, taa huzimwa, wengine hufunika na mapazia meusi kuongeza giza, na kutegemea aina, ua huwa tayari baada ya majuma 7 hadi 10. Mashamba yanayouza vipandikizi tu, kama yale ya Uganda kandokando ya Ziwa Victoria na ya upande wa Arusha, huwasha taa kwa mimea mama muda wote, kwa sababu mmea mama ukishafunga vitumba hautoi tena vipandikizi vya kuuzwa.

Mama mmoja msimamizi aliwahi kunionyesha maana ya hilo. Umeme ulikuwa umekatika usiku kadhaa mfululizo, na jenereta ya shamba ilikuwa kwa fundi. Alikata ncha ya mmea mama, akaifungua majani madogo moja baada ya jingine kwa ukucha wa kidole gumba, mpaka katikati ikabaki nundu bapa, ndogo kuliko kichwa cha pini. "Ona, huyu ameshaamua," akasema. Nikamuuliza, "Kwa usiku mmoja tu, Mama?" Akatikisa kichwa. "Usiku mmoja anavumilia. Zikifika tano, sita, hapo huna kitu." Mstari mzima ule uling'olewa wiki ile.

Hapa ndipo ninapomkumbuka yule kijana wa Luthuli. Mwanga unaokata usiku wa krisanthemamu haulishi mmea. Luksi 100 zinatosha, na hizo kwa LED nyeupe ni maikromoli moja na kitu, chini ya sehemu moja ya elfu ya jua la mchana. Ni mwanga wa habari. Mmea unausikia, hauuli. Na anayeusikia ni fitokromu. Harry Borthwick na Sterling Hendricks, huko Beltsville, Maryland, walionyesha mwaka 1952 kwa mbegu za letusi kwamba mwanga mwekundu wa kama nanomita 660 huamsha uotaji, na mwanga wa nanomita kama 730, yaani nyekundu ya mbali, iliyo ukingoni mwa uwezo wa macho yetu, huuzima. Nyekundu, ikaota. Nyekundu kisha nyekundu ya mbali, ikalala. Mmea ukaitii ile ya mwisho, hata wangezibadilisha mara ngapi. Swichi hiyohiyo ndiyo inayohesabu usiku wa krisanthemamu, na mwanga mwekundu katikati ya giza ndio unaoivuruga kwa nguvu zaidi. Basi ile globu ya njano niliyoshauriwa kwa ajili ya maua, kwa kuwa ina wekundu mwingi, ndiyo hasa inayozuia krisanthemamu isichanue. Ya 6500K nayo ingezuia, ila ingehitaji kuwa kali zaidi kwa kazi ileile.

Buluu ni mjumbe dhaifu katika kazi hiyo. Watafiti wa Wageningen, Uholanzi, waliripoti mwaka 2014 kwamba krisanthemamu iliyolelewa saa 11 kwa mchanganyiko wa nyekundu na buluu, kisha ikaongezewa saa 4 za buluu tupu, ilichanua kana kwamba siku haikurefushwa, huku shina likirefuka. Ua lilelile, saa zilezile 15 za nuru, na rangi ndiyo iliyobadilisha uamuzi. Mwenye mapazia yanayovuja mwanga alizingatie hilo: taa ya ulinzi ya jirani yenye wekundu ina madhara zaidi kuliko inavyoonekana. Mbalamwezi haina hatia, kwani hata ikiwa kamili haifiki nusu luksi.

Sasa nenda kitalu cha jipsofila, ile wafanyakazi wanayoiita jipso, vijiua vyeupe vya kujaza shada la harusi. Huu ni mmea wa siku ndefu. Taa zilezile, saa zilezile za usiku, zinafanya kazi kinyume: bila taa jipso ya Ikweta hukawia chini kama kichaka, ukiiwashia taa inapandisha shina na kuchanua. Hiperikamu, ile yenye matunda madogo mekundu kwenye mashada, iko kundi hilo. Na hapa Kelvini inashindwa waziwazi. Mimea mingi ya siku ndefu huchanua vizuri ikisikia nyekundu na nyekundu ya mbali pamoja. Globu ya uzi ilikuwa nazo zote mbili kwa wingi, bila mtu yeyote kuzipanga. Ilikuwa mbadhirifu wa umeme, wati 100 ambazo sehemu kubwa iliishia kuwa joto, lakini kwa jipso ilikuwa ikisema lugha sahihi. Umoja wa Ulaya ulipoanza kuziondoa sokoni mwaka 2009, wakulima duniani wakahamia taa za kubana matumizi na kisha LED nyeupe. Taa hizo mpya karibu hazina nyekundu ya mbali. Mkulima akiangalia kasha anasoma 2700K, namba ileile ya globu aliyoizoea, jicho lake linaona manjano yaleyale, na kumbe kitu ambacho mmea ulikuwa ukikisikiliza kimeondolewa. Matokeo yanaweza kuwa ua linalochelewa na mashina yasiyolingana. Erik Runkle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan wamelipima jambo hili kwenye mimea kadhaa ya siku ndefu, na hitimisho lao ni kuchanganya rangi hizo mbili kwa makusudi. Sokoni kuna LED zilizotengenezwa kwa kazi hii, zenye holda ya kawaida: aina moja ina nyekundu iliyokolea na nyeupe, nyingine imeongezewa nyekundu ya mbali. Ya kwanza ni ya krisanthemamu, ya pili ni ya jipso. Hakuna namba ya Kelvini inayoweza kuzitofautisha, kwa sababu nyekundu ya mbali haimo katika hesabu ya jicho.

Wakulima wa Binh Thuan, Vietnam, hutumia kanuni hiyohiyo kwa tunda la joka. Katika miezi ya siku fupi huwasha taa mashambani usiku, safu kwa safu, ili mmea uchanue nje ya msimu na tunda lipate bei. Walianza na globu za uzi za wati 60, leo wengi wako kwenye LED. Kenya na Tanzania tunda hilo limeanza kupandwa, na anayelipanda atakutana na swali hilihili la taa.

Yote hayo ni mwanga wa habari. Mwanga wa chakula ni shauri jingine, na ndiko hasa msamiati wa Kelvini ulikostawi. Uholanzi majira ya baridi jua ni dhaifu, na vitalu huongezewa mwanga wa kulisha mmea. Huko Kanada na Marekani, wakulima wa bangi wa ndani ya nyumba hawana jua hata kidogo. Bangi nayo kwa aina nyingi ni mmea wa siku fupi: huachwa kwenye saa 18 za mwanga ikue, kisha hubadilishwa kuwa 12 kwa 12 ichanue, yaani wanatengeneza chumbani siku ambayo sisi tunayo bure. Kabla ya LED, wakulima hao walitumia taa za metali halidi za Kelvini 4000 na zaidi kwa majani, kisha wakabadilisha kuwa taa za sodiamu, zile za machungwa za barabarani, za Kelvini kama 2000, kwa maua. Mavuno yalikuwa mazuri zaidi chini ya sodiamu, na watu wakahitimisha kwamba ua linapenda wekundu. Hawakuzingatia kwamba sodiamu ilikuwa ikitoa fotoni nyingi zaidi kwa umeme uleule. Rangi ilipewa sifa, sehemu kubwa ya kazi ikiwa imefanywa na wingi.

Kanada ilipohalalisha bangi Oktoba 2018, vyuo vikuu viliweza kupima kwa uwazi. Watafiti wa Guelph walichapisha mwaka 2021 kwamba mavuno ya maua yalipanda sambamba na ukali wa mwanga hadi maikromoli 1,800, karibu na jua kali la mchana. Mwaka huohuo maabara ya Bugbee kule Utah ilichapisha jaribio lililohusu rangi yenyewe. Buluu ilipoongezwa kutoka asilimia 4 hadi 20, mavuno yalishuka kwa takriban asilimia 12. Rangi ina athari, basi, na inaelekea upande wa yule kijana wa duka. Lakini watafiti walisisitiza kwamba ufanisi wa taa una uzito kuliko hilo: tofauti ya gharama kati ya taa inayotoa fotoni nyingi kwa kila jouli na inayotoa chache huimeza faida ya kuchagua rangi. Matokeo hayo mawili, ukiyaweka pamoja na hesabu ya fizikia, yanaeleza karibu kila kitu. Fotoni nyekundu ni nyepesi. Jouli moja ya mwanga wa nanomita 660 ina maikromoli 5.5 za fotoni; jouli moja ya buluu ya 450 ina 3.8 tu. Anayelisha mmea kwa wekundu anapata chembe nyingi zaidi kwa shilingi ileile. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya taa za vitalu kuwa na wekundu mwingi. Mapenzi ya ua yanafuata kwa mbali.

Niseme wazi kwamba kwa Kenya na Tanzania kulima bangi ni kosa kisheria, na utafiti huo nimeutaja kwa sababu ndio ulioligusa swali la rangi na ua kwa vipimo vya moja kwa moja. Mafunzo yake yanamfaa yeyote mwenye mmea wa siku fupi chini ya taa, awe wa krisanthemamu au wa poinsetia.

Buluu isidharauliwe kwa kuwa inapunguza mavuno kidogo. Inafungua vinyweleo vya jani, inanenepesha jani, na inazuia shina kulegea. Mmea uliolelewa kwa nyekundu tupu mara nyingi hurefuka kama unaotafuta dirisha. Asilimia 10 hivi ya buluu hutosha mimea mingi, na hapo ndipo LED ya 3000K inapoangukia yenyewe. Kwa miche michanga inayotakiwa ibaki mifupi, 4000K au 5000K ina sababu ya kuwepo. Zaidi ya hapo sioni faida kwa mwenye maua, isipokuwa urahisi wa mfanyakazi kuona wadudu na madoa ya ugonjwa kwenye jani, jambo ambalo taa za zambarau, zile za nyekundu na buluu tu, zimewanyima wengi. Mtu anayeshinda saa nane chini ya taa ni sehemu ya hesabu.

Na Kelvini zikiwa sawa, tazama namba nyingine ndogo, ile ya uhalisia wa rangi inayoandikwa CRI au Ra. Globu ya 3000K yenye Ra 80 na ya 3000K yenye Ra 90 jicho litaziona ndugu. Ile ya 90 huwa na wekundu uliokolea zaidi, karibu na nanomita 660 ambazo fitokromu huzisikia, ingawa huwa na lumeni pungufu kidogo kwa wati. Kwa sebule, tofauti hiyo si kitu. Kwa kitalu, ningechukua ya 90.

Lakini kwa mkulima wa Naivasha, Usa River au Entebbe, mwanga wa chakula si tatizo lake la kwanza. Jua la saa sita mchana linakaribia maikromoli 2,000, na mara nyingi anatafuta kivuli. Anachonunua anaponunua taa ni uwezo wa kuuambia mmea usiku una urefu gani. Mwenye krisanthemamu anaweza kuanza na LED ya 3000K ya kawaida, akapima kwa kipima luksi kwenye kimo cha majani, hasa pembeni na katikati ya globu mbili ambako mwanga hupungua, akahakikisha hapungui luksi 100. Mwenye jipso au hiperikamu asikubali kuuziwa 2700K kama mbadala wa globu ya uzi. Amuulize muuzaji mchoro wa wigo wa mwanga, aangalie kama kuna kilima baada ya nanomita 700. Muuzaji asipokuwa nao, ajaribu kitanda kimoja kwa msimu mmoja kabla ya kubadilisha shamba zima, na abaki na globu chache za zamani kwenye kitanda cha pili ili alinganishe.

Kwa kijana wa Luthuli nilinunua zote mbili, na ya tatu ya Ra 90 niliipata duka la mbele. Kabla ya taa hizo lakini nilinunua taima yenye betri ndani, inayokumbuka saa hata umeme ukikatika. Ukiwa na fedha za kitu kimoja tu mwezi huu, anza na hiyo, na kagua kila jioni kama imewasha.